Ubongo Unapokatika Mawasiliano

Barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi ilipokuwa ya udongo, masika yaliweza kuitenga Kibondo na Kasulu. Miji yote miwili ilikuwapo na masoko yake ya maharage, ila malori yalikwama njiani. Wanaopiga picha za ubongo wa wazee wenye demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huona jambo la namna hiyo: sehemu bado zipo, mawasiliano yamelegea.

Picha hizo hupigwa kwa MRI inayofuatilia oksijeni katika damu ya ubongo, mbinu aliyoieleza Seiji Ogawa mwaka 1990. Mtu hulala ndani ya mashine bila kufanya lolote. Ubongo wake lakini haulali! Mwaka 1995, Bharat Biswal alionyesha kuwa sehemu mbili zinazoongoza mikono, kushoto na kulia, hupanda na kushuka pamoja hata mikono ikiwa imetulia. Zinazokwenda pamoja hivyo huhesabiwa kuwa zinawasiliana. Marcus Raichle na wenzake, mwaka 2001, wakaeleza mtandao unaochangamka mtu anapopumzika. Huo huhusishwa na kukumbuka yaliyopita. Miaka 3 baadaye, Michael Greicius akaukuta umedhoofika kwa wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, hipokampasi ikiwamo, nayo ndiyo husaidia kuunda kumbukumbu mpya. Ndiyo maana bibi husimulia harusi yake vizuri, kisha akauliza mara ya tano kama amekula.

Je, wazee wa Kibondo wapelekwe kwenye mashine hiyo? Hapana, na si kwa sababu ya umbali tu. Picha hizo hulinganisha makundi ya watu. Kwa mtu mmoja hutikiswa na usingizi, dawa, hata kugeuza kichwa kidogo.

Tanzania ina njia nyepesi zaidi ya kutambua demensia. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na demensia ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4. Huko ndiko lilikotengenezwa jaribio la IDEA, linalomfaa hata asiyewahi kwenda shule: mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kwa zahanati ya milimani, kiberiti kina faida zaidi kuliko mashine ya MRI ya mabilioni.

Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, awahishwe hospitali. Huenda ni malaria au maambukizi mengine. Anayesahau polepole naye apelekwe, apimwe presha, sukari na masikio, akifuatana na mtu anayeishi naye, maana huyo ndiye atakayemweleza daktari mabadiliko yalianza lini.