Mkataba Uliowahamisha Wahungaria

Ugomvi wa ushuru sokoni ulichangia kuifikisha Hungaria mahali ilipo leo.

Mwaka 894, soko la Wabulgaria lililokuwa Konstantinopoli lilihamishiwa Thessaloniki, ambako wafanyabiashara wawili waliokingiwa kifua na wakubwa wa Bizanti waliwatoza ushuru mzito. Simeon, mtawala wa Bulgaria, alilalamika kwa Leo VI, Kaisari wa dola ya Bizanti. Alipopuuzwa, akaingia vitani.

Majeshi mengi ya Leo yalikuwa yamebanwa mashariki yakipambana na Waarabu. Kwa hiyo akawapelekea zawadi Wahungaria, wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ili waishambulie Bulgaria kutoka nyuma. Merikebu za Bizanti zikawavusha Mto Danubi. Wakachoma, wakapora, wakateka watu, na Leo akawanunua mateka hao. Simeon akajifungia katika ngome ya Drastar, ambayo leo ni Silistra.

Hapo elimu yake ikamfaa. Ujanani alikuwa amesoma Konstantinopoli, na aliijua vyema kanuni ya dola ile: jirani akikusumbua, mtafute jirani yake wa upande wa pili. Akaomba amani. Leo akarudisha majeshi nyuma na kumtuma balozi, Leo Choirosphaktes. Simeon akamweka kizuizini, akawa anavuta muda kwa barua, huku akipatana na Wapechenegi walioishi mashariki ya Wahungaria.

Wapechenegi waliyavamia makazi ya Wahungaria wakati wapiganaji wengi walikuwa mbali, nao Wabulgaria wakawapiga kutoka kusini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Leo, aliyewaingiza vitani, alikwisha kujitoa. Waliosalia wakavuka milima ya Karpati na kulowea katika bonde ambalo baadaye likawa ufalme wa Hungaria. Mwaka 896 Simeon akawashinda Wabizanti huko Boulgarophygon. Kwa amani iliyofuata, soko likarudi Konstantinopoli, naye akawa analipwa fedha kila mwaka.

Wengi huyasoma haya kama chimbuko la chuki kati ya Wabulgaria na Wahungaria. Sikubaliani nao. Mwaka 1221, Ivan Asen II wa Bulgaria alimwoa Maria, binti wa Mfalme Andrew II wa Hungaria. Andrew alikuwa amezuiliwa Bulgaria akirejea kutoka vita vya msalaba, akaachiwa kwa ahadi ya ndoa hiyo. Maria akafariki mwaka 1237. Mwaka uliofuata Papa Gregory IX alikuwa akimhimiza Béla IV, kaka yake Maria, aongoze vita vya msalaba dhidi ya shemeji huyo.

Urafiki wao na uadui wao ulifuata mipaka, masoko na shinikizo la dola kubwa zilizowazunguka. Kwa hiyo tunaposoma mkataba wowote wa zama zile, haitoshi kutazama walioutia sahihi. Tuulize pia ni nani aliyetumwa kupigana kwa niaba yao, na kama jina lake lilikumbukwa amani ilipofungwa. Wahungaria wa mwaka 895 hawakukumbukwa, nao wakalipa kwa nchi yao.