Ruta ya antena sita, na chumba cha nyuma bado kimya

Kwenye maduka ya Kariakoo ruta huuzwa kwa kuhesabu antena. Mteja akilalamika kwamba Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma, anashushiwa yenye sita. “Hii inapiga mpaka kwa jirani, bosi.” Zipo zinazopiga kweli. Ila antena nyingi huwekwa ili zigawane kazi, nyingine masafa ya GHz 2.4, nyingine GHz 5, na kubeba data zaidi kwa mpigo. Wingi wake si kipimo cha umbali. Tena simu iliyoko huko chumbani nayo lazima ijibu, na nguvu yake ya kurusha ni ndogo kuliko ya ruta. Alama za mtandao zimejaa, ukurasa haufunguki: simu inasikia, haisikiki.

Antena haizalishi nguvu hata chembe, inaielekeza tu. Ile fimbo ya kusimama wima, ukiibadilisha ya desibeli 3 kwa ya desibeli 9, umefanya kazi ya msukuma chapati: unga ni uleule, umetanuka pembeni na kupungua unene. Kwa nyumba ya chini yenye kiwanja kirefu, safi kabisa. Kwenye ghorofa, wa juu na wa chini watakulaumu.

Dishi ndilo linalokusanya mawimbi upande mmoja. Mwaka 2007, huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha Wi-Fi kati ya Pico del Águila, kwenye milima ya Andes, na kilele cha Platillón: kilomita 382. Siri ilikuwa dishi, milima isiyozibwa na kitu katikati, na programu iliyorekebishwa. Ruta ya kawaida hungoja jibu muda mfupi mno. Kwa umbali ule wimbi pekee linahitaji zaidi ya sekunde moja ya elfu kufika, nayo ruta ilishakata tamaa na kurudia kutuma.

Nyumbani adui si umbali. Ni zege lenye nondo, mabati, tangi la maji, kioo kikubwa cha kabati. Mji Mkongwe wa Unguja, kuta za mawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi. GHz 5 hufia palepale, GHz 2.4 hujikongoja. Halafu watu huificha ruta nyuma ya televisheni, eti inaharibu sebule!

Wengine hupandisha antena juu ya paa na kuacha ruta chini. Waya mwembamba wa RG-58 hula karibu desibeli moja kila mita kwenye GHz 2.4. Mita kumi, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana vifaa vya nje huwa na redio yake nyuma ya antena hukohuko juu, na kinachoshuka ni waya wa mtandao.

Ripita ya bei rahisi inasaidia ukiiweka katikati ya njia, siyo ndani ya chumba chenyewe kisichopata kitu. Hata hivyo, ikipokea na kurusha kwa redio moja, kasi hushuka karibu nusu. Mimi ningenunua kifaa cha pili cha kurushia Wi-Fi na kukivutia waya wa mtandao, ambao huvumilia hadi mita 100. Fundi akisema utaharibu rangi ya ukuta, mwambie apitishe darini.