Bajeti ya Kenya: Mzigo wa kodi humwelemea nani?

Kila mwaka mwezi Juni, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania husimama bungeni kusoma bajeti, kwa kawaida siku moja. Nchini Kenya hotuba hiyo sasa husikilizwa kwa makini kuliko zamani. Juni 25, 2024, wabunge walipopitisha Muswada wa Fedha, waandamanaji waliingia katika majengo ya bunge jijini Nairobi na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Muswada huo ulikusudia kuiongezea serikali mapato ya takriban shilingi bilioni 346. Hata hivyo, hasira za wananchi hazikutokana na ukubwa wa kiasi hicho pekee. Walitaka kujua pia ni nani angetozwa, na fedha hizo zingemrudia nani.

Kodi ya mkate na kodi ya mshahara

Kodi ya mapato ya mishahara nchini Kenya hupanda kadiri kipato kinavyopanda. Anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi halipi chochote, kwa kuwa nafuu ya shilingi 2,400 anayopewa kila mfanyakazi hufuta kodi yake yote. Tangu sheria ya mwaka 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 500,000 hutozwa asilimia 32.5, na inayozidi 800,000 hutozwa asilimia 35. Kodi ya aina hii hupunguza pengo la kipato, kwa sababu mwenye nacho huchangia fungu kubwa zaidi la alichonacho.

Kodi ya bidhaa haimtambui mnunuzi. Tuseme bei ya mafuta ya kupikia yanayotumiwa na familia moja kwa mwezi inapanda kwa shilingi 200 kutokana na kodi. Kwa familia yenye kipato cha shilingi 20,000, nyongeza hiyo ni asilimia moja ya kipato chote. Kwa familia yenye shilingi 500,000 ni asilimia 0.04 tu. Wote wamelipa shilingi zilezile, lakini uzito wake haulingani hata kidogo.

Ndiyo maana muswada wa 2024 ulizua mjadala mkali tangu mwanzo. Ulipendekeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida, ambao ulikuwa katika kundi la bidhaa zinazotozwa kiwango cha sifuri, na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea. Serikali iliyaondoa mapendekezo hayo mawili wiki moja kabla ya kura, lakini wakati huo imani ya wananchi ilikuwa imekwisha kutikisika.

Makato yasiyobagua

Baina ya kodi hizo mbili kuna makato yenye asilimia moja kwa wote. Mfanyakazi wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Hivyo mwenye mshahara wa shilingi 20,000, aliyesamehewa kodi ya mapato, hukatwa shilingi 300 kwa nyumba na 550 kwa afya.

Nchini Uganda, mfano ulikuwa dhahiri zaidi. Kuanzia Julai 2018, kila aliyetumia mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku, awe mchuuzi au mkurugenzi wa benki. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti.

Fedha zikishakusanywa

Kodi peke yake haitoshi kueleza ni nani anayenufaika. Hata kodi inayomgusa maskini inaweza kupunguza pengo iwapo itarudi kwake kwa njia ya shule, zahanati au ruzuku. Kenya ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo waliingia darasani. Leo mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi.

Katiba ya mwaka 2010 nayo inaagiza kwamba kaunti 47 zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwamba asilimia 0.5 iingie katika hazina maalumu ya kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahaulika. Hata hivyo, asilimia hizo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Hesabu hizo zinapochelewa, kiwango cha chini kinachodaiwa na Katiba hupimwa kwa mapato ya miaka ya nyuma.

Kikwazo kikubwa zaidi ni deni. Mwishoni mwa Juni 2024, Rais Ruto alisema kati ya kila shilingi 100 za kodi, 61 huenda kulipa madeni. Mishahara ya watumishi wa umma, shule, hospitali na kaunti hugombania zinazobaki. Mkopeshaji hulipwa kwanza, na mzee wa Inua Jamii husubiri.

Kipimo kilichopo

Ibara ya 201 ya Katiba hiyo inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Haitaji viwango, hiyo ni kazi ya Bunge kila mwaka. Lakini inampa mwananchi maswali mawili ya kuuliza bajeti inaposomwa: kodi mpya itachukua sehemu gani ya kipato cha mwenye kidogo, ikilinganishwa na cha mwenye kingi? Na kati ya kitakachokusanywa, ni kiasi gani kitakachofika kijijini kwake?