Kalsiamu Inapopungua Damuni

Unguja imekaa juu ya matumbawe, na kuta za Mji Mkongwe ni matumbawe hayohayo: mengine yalichongwa, mengine yakachomwa kupata chokaa. Yote hayo asili yake ni kalsiamu. Mla tambuu hata huitafuna. Lakini mtu aweza kuishi humo na damu yake ikapungukiwa.

Je, wajua kwamba asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imo mifupani na menoni? Sehemu ndogo inayobaki ndiyo inayotumikia misuli, neva na moyo. Damuni hutakiwa takriban miligramu 8.5 hadi 10.5 kwa desilita. Walinzi wa kiwango hicho ni vitezi vinne, kila kimoja milimita chache tu, vilivyojibanza nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba tunasema rovu. Richard Owen wa Uingereza aliviona kwanza kwa kifaru aliyefia bustani ya wanyama ya London. Kwa binadamu alivieleza Mswidi Ivar Sandström, mwaka 1880. Kalsiamu ikishuka, vitezi hutoa homoni inayoikopa mifupani, inayozuia figo kuimwaga, na inayoamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi.

Kwa hiyo dagaa anayeliwa na miba yake hatoshi peke yake. Aliyepasuliwa rovu huenda vitezi vikaumia. Figo zikichoka, vitamini D haiamki, ipo tu bila kazi. Magnesiamu ikipungua sana, vitezi hunyamaza. Na jua letu, linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D? Halisaidii lisipogusa ngozi, na vichochoro vya Mji Mkongwe vina kivuli kutwa.

Dalili huanza kwa ganzi na mchomochomo midomoni na kwenye ncha za vidole, kisha misuli hukakamaa. Mgonjwa akifungwa mkanda wa presha, ukajazwa upepo kwa dakika 3, kiganja hukunjika na vidole hujikusanya kama vya mkunga kazini. Aliyeieleza ishara hii ni Mfaransa Armand Trousseau, karne ya 19. Hali ikizidi, koo hubana, mapigo ya moyo huvurugika, degedege huja. Hapo wengine husema kifafa, wengine shetani kapanda, na kipimo cha damu hakijafanywa. Dawa ni kalsiamu ya mshipani, nayo hudungwa polepole: ikiingizwa kwa pupa, moyo waweza kusimama.