Kuosha uchafu kwenye kompyuta kwa dakika 15: mchezo unaotuliza moyo, na mipaka yake

LUBUMBASHI – Saa saba mchana, katika biro nyingi za mji, kazi husimama kidogo. Mmoja anatoka kununua mkate na karanga, mwingine anafungua WhatsApp, mwingine analaza kichwa mezani. Mimi, tangu kiangazi cha mwaka jana, ninafungua kompyuta yangu ndogo na kuosha gari lililojaa matope. Sina ndoo, sina sabuni, na viatu vyangu havilowani.

Mchezo huo unaitwa PowerWash Simulator. Umetengenezwa na FuturLab, kampuni ya mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza. Toleo la majaribio lilitoka Mei 2021, toleo kamili likafuata Julai 14, 2022, na toleo la pili likaingia sokoni Oktoba 2025. Unachezwa kwenye kompyuta na kwenye mashine za michezo kama PlayStation, Xbox na Nintendo Switch.

Swali ambalo wenzangu wananiuliza ni rahisi: mtu mzima anapataje raha kwa kuosha gari ambalo halipo? Na je, inasaidia kweli, au ni kupoteza wakati tu?

Hakuna adui, hakuna saa

Mchezaji ni mwenye kazi ndogo ya usafi katika mji wa kubuniwa unaoitwa Muckingham. Anapokea ujumbe wa wateja, anachukua mashine inayorusha maji kwa nguvu, na anaanza. Kazi ya kwanza ni gari. Baadaye zinakuja nyumba, viwanja vya watoto, na majengo makubwa yanayoweza kumaliza saa nyingi.

Bomba lina ncha za aina mbalimbali. Ile nyembamba kabisa inang'oa uchafu mgumu, lakini inafika mahali padogo. Ile pana inapita eneo kubwa kwa nguvu ndogo. Basi kazi ya akili ni hiyo tu: kuchagua ncha, kusimama mahali pazuri, na kutosahau pembe za chini.

Kila sehemu inapokuwa safi, iwe tairi, mlango au ubao mmoja wa ukuta, inamulika kidogo na kengele ndogo inalia. Malipo yanaingia palepale. Asilimia ya kazi inaonekana, na kama umeshindwa kuona uchafu uliobaki, kuna kitufe cha kuuonyesha. Kazi ikiisha, mchezo unakurudishia picha za haraka za kila ulichosafisha tangu mwanzo. Hakuna anayekufa, hakuna anayekufukuza, hakuna saa inayohesabu.

Na maji hayaishi. Kwa mkaaji wa kartiye ambako bidoni la lita 20 linabebwa kichwani kutoka kwenye kisima cha jirani, hiyo ndiyo sehemu inayochekesha zaidi.

Kwa nini nilianza

Kazi yangu ni kupokea habari na kuzisafisha kabla hazijawafikia wasomaji. Kuna siku ambapo kuanzia asubuhi ninapokea ajali ya barabarani, kisha mapigano ya mashariki, kisha mtoto aliyezama. Habari hizo haziishi. Unamaliza moja, nyingine imeshafika. Nilikuwa ninarudi nyumbani na maneno yake kichwani, na usingizi haukuja.

Mwenzangu alinionyesha mchezo huu wakati wa mapumziko. Niliosha mlango mmoja wa gari. Ulikuwa mchafu, ukawa safi, na ukabaki safi. Kazi yangu yote haina kitu cha namna hiyo. Kiangazi hapa Lubumbashi unafuta meza asubuhi, na jioni vumbi jekundu limerudi. Kwenye mchezo, ulichomaliza kimekwisha.

Oxford waliuliza wachezaji

Sitaki msomaji aniamini mimi tu. Watafiti wa Oxford Internet Institute, taasisi ya Chuo Kikuu cha Oxford, walishirikiana na FuturLab kutengeneza toleo maalum la mchezo huu kwa ajili ya utafiti. Miongoni mwao walikuwa Matti Vuorre na profesa Andrew Przybylski. Mtu alipokuwa akicheza nyumbani kwake kama kawaida, mchezo ulimuuliza mara kwa mara anajisikiaje kwa wakati huo. Yeye alijibu na kuendelea kuosha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Walishiriki wachezaji 8,695 kutoka nchi 39, na majibu yaliyokusanywa yalikuwa 162,325, kutoka vipindi 67,328 vya kucheza. Kulingana na hesabu zao, hali ya moyo ya mchezaji wa kawaida ilipanda wakati wa kucheza kuliko alivyokuwa mwanzo. Walikadiria kwamba karibu watu 72 kwa kila 100 hupata nafuu hiyo. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: sehemu kubwa ya nafuu ilipatikana katika dakika 15 za kwanza.

Lakini tuseme yote. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo: 0.034 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, yaani kama pointi 3 na kidogo kwa 100. Waliopimwa ni watu waliochagua wenyewe kucheza, na hapakuwa na kundi la pili lililofanya kitu kingine, kama kutembea au kuongea na rafiki, ili kulinganisha. Pia walipimwa wakiwa ndani ya mchezo. Utafiti huo hausemi kama moyo unabaki mwepesi ukirudi kazini.

Przybylski na Vuorre walikuwa tayari wameshiriki, mwaka 2022, utafiti mwingine wa wachezaji 38,935 wa michezo saba tofauti. Huo ulionyesha kwamba kuongeza au kupunguza saa za kucheza hakukubadilisha sana hali ya maisha ya mtu, iwe kwa uzuri au kwa ubaya. Mchezo, basi, usichukuliwe kama dawa, wala kama sumu.

Mapumziko yenyewe yana kazi

Kuna upande mwingine: labda si mchezo unaosaidia, ni kule kusimama tu. Mwaka 2022 watafiti wa Timișoara, nchini Romania, walikusanya tafiti nyingi kuhusu mapumziko mafupi, ya dakika 10 au chini yake. Walikuta kwamba mapumziko hayo huongeza nguvu kidogo na kupunguza uchovu. Hata hivyo, kwa kazi zinazochosha akili sana, dakika 10 hazikutosha kuifanya kazi iwe bora zaidi.

Kwa maneno mengine, anayesimama kunywa chai mlangoni naye anapata chake. Tofauti kwangu ni kwamba nikinywa chai, simu iko mkononi, na habari zinaendelea kuingia. Nikiosha gari, mikono yote miwili ina kazi.

Dakika 15 zilipogeuka 50

Hatari ipo, na nimeionja. Siku moja nilibakiza asilimia chache za ukuta. Nikajiambia nimalize tu. Nilipoinua macho, dakika 50 zilikuwa zimepita, na habari niliyopaswa kutoa saa nane ilitoka saa tisa. Mkubwa wangu hakufoka. Aliniuliza tu kama mashine yangu ilikuwa na tatizo. Nikamwambia ukweli, na aibu niliyoipata ilinifundisha zaidi ya karipio.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka tatizo la kushindwa kudhibiti michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yakionekana. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12. Kuchelewa mara moja siyo ugonjwa, lakini ni onyo.

Tangu siku hiyo ninaweka saa ya simu ilie baada ya dakika 15. Ninachagua kitu kidogo, kama tairi au mlango mmoja, siyo jengo zima. Kengele ya sehemu hiyo ikilia, ninafunga, hata kama nyingine imebaki asilimia mbili. Na usiku sichezi, maana usiku hakuna mkubwa wa kuniuliza chochote.

Nani anaweza?

Lazima niseme pia kwamba raha hii haiko sawa kwa wote. Mchezo unahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi, na umeme. Delestaji ikianza na betri ikiisha, Muckingham inazimika na uchafu wake. Kwenye simu kuna michezo mingine ya kusafisha, isiyo na gharama mwanzoni, lakini mingi hukatizwa na matangazo, na matangazo hayo yanakula mega.

Asiye na hivyo vyote hakukosa kitu kikubwa. Wazee wetu waliofanya salongo enzi za Mobutu wanajua kwamba kufagia barabara kunachosha mwili. Wengi hawakuipenda, maana ililazimishwa. Ila kipande kidogo ulichochagua mwenyewe, ambacho mwisho wake unauona, kinaweza kukupumzisha: viatu vya kesho, dirisha moja, droo ya mezani.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa saba kamili, kabla sijafungua mchezo. Nilichukua kitambaa nikafuta vumbi kwenye meza yangu, kisha kwenye ya mwenzangu aliyekuwa ameenda kununua mkate. Ilinichukua dakika 10. Aliporudi aliuliza nani ameketi pale. Jioni vumbi lilikuwa limerudi, lakini ile habari ya mchana niliiandika bila kusimama.