MZEE AISHIYE PEKE YAKE ASISAHAULIWE

Kusini mwa mji wa Rumonge, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, ipo Kigwena, nchi ya michikichi na uvuvi. Watu wa mwambao huu wametawanyika zaidi ya mara moja. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawatoa wengine. Amani iliporudi, si wote waliorejea. Kwa hiyo wapo wazee wanaoishi peke yao, watoto wao wakiwa Kigoma au Bujumbura, au wamezikwa ugenini.

Upweke huo si huzuni tu. Ni hatari kwa maisha. Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mzee asiyetembelewa huacha kupika, husahau dawa, na akianguka hakuna ajuaye. Wala utajiri peke yake si kinga. Nchini Japani polisi walihesabu watu 76,020 waliofia majumbani peke yao mwaka 2024. Zaidi ya robo tatu walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, mzee atembelewe kwa siku inayojulikana, ili awe na siku ya kuingojea. Pili, aulizwe mambo, asipewe chakula tu. Warundi wana desturi ya kale ya abashingantahe, watu wenye busara wanaosuluhisha ugomvi. Katika nchi yenye mashauri mengi ya ardhi, mzee anayekumbuka mipaka ya mashamba ni hazina. Anayetafutwa kwa ushauri hujiona bado ni mtu kati ya watu.

Hapa ndipo askari anapohusika. Polisi wa doria hupita palepale kila siku. Kubisha hodi na kumjulia hali mzee hakumpotezei muda, na huenda kukaokoa maisha. Tena raia aliyezoea kuamkiwa na askari haogopi kumpa habari.

Lakini askari naye ni mtoto wa mtu. Aliyepangwa kazi mbali na kwao huenda amemwacha mama peke yake kijijini. Kumpelekea sehemu ya mshahara ni wema. Lakini fedha haziketi naye jioni. Apigiwe simu kwa siku maalumu, jirani aombwe kumtazama, na likizo ianzie kwake. Anayelinda mipaka ya nchi asiuache mlango wa mzazi wake bila mlinzi.