Pikapu ya Dizeli Inapokanyagwa Isiitike

Pikapu inapanda mwinuko na mzigo wake, dereva amekanyaga mafuta, mara nguvu inaisha. Injini haizimiki, inabaki ikiunguruma chinichini na pedali haina kazi. Dereva akiachia mguu, au akizima gari na kuliwasha tena, safari inaendelea, na likifikishwa kwa fundi halioneshi kosa lolote. Chukua mfano wa Kasomeno, penye njia panda: barabara kutoka Lubumbashi inagawanyika hapo, moja ikienda Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine ikishika kaskazini kuelekea Kilwa na Pweto. Hitilafu kama hii ikimpata mtu sehemu hizo, samaki waliopakiwa Kasenga wanaharibika, na maduka makubwa ya vipuri yako Lubumbashi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Jambo la kwanza ni kujua pedali imeunganishwa na nini. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 inatumia kebo ya chuma inayovuta mkono wa pampu ya dizeli. Kebo hiyo huchakaa, hujaa vumbi na kukwama. Mtu mmoja akikanyaga na mwingine akitazama mkono wa pampu, jibu linapatikana papo hapo. Mkono ukienda vizuri na nguvu bado haipo, huenda kasoro iko kwenye mafuta. Toyota Hilux za kizazi kilichotoka mwaka 2004, zenye injini za D-4D, hazina kebo hiyo. Pedali ina sensa mbili zinazopeleka umeme mdogo kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inayoamua dizeli kiasi gani iingie.

Sensa zimewekwa mbili kwa ajili ya usalama. Kompyuta hulinganisha taarifa zake, na zote mbili zikikosa kuaminika huchukulia kwamba mguu umeondolewa kwenye pedali. Kwa hiyo injini kutoitika mara nyingi ni ulinzi unaofanya kazi yake. Kosa la umeme lina alama zake: nguvu hukatika ghafla, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na gari hurudi hali yake likizimwa na kuwashwa. Mashine ya kusomea makosa itatoa namba kama P2121 au P2138. Namba hizo zinataja mzunguko wa umeme wa pedali. Hazisemi kwamba pedali yenyewe imekufa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa pedali mpya hununuliwa na ugonjwa ukabaki palepale.

Barabara ya udongo yenye mawimbi hutikisa kila soketi, na vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, huingia kila penye upenyo. Soketi ya pedali ichomolewe, pini zitazamwe kama zimelegea au zina kutu. Kisha, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, fundi aweke mita kwenye waya wa ishara na kukanyaga pedali polepole mno. Volti zipande taratibu bila kuruka wala kushuka. Mwenzake azitikise nyaya wakati huohuo, kuanzia kwenye soketi hadi zinapopenya ukuta wa injini, bila kusahau waya wa ethi na vichwa vya betri. Mita ikiruka, mahali paliposhikwa ndipo penye tatizo.

Nguvu ikififia polepole, hasa kwenye mwinuko au mzigo ukiwa mzito, mafuta ndiyo ya kushukiwa. Dizeli, au mazutu kama wanavyosema Lubumbashi, ikinunuliwa kwa bidoni inaweza kuja na maji na mchanga. Uchafu ulioko tangini hufuata mvuto wa pampu hadi mdomo wa bomba na kuuziba. Gari likisimama kwa dakika kadhaa, uchafu unaanguka na mafuta yanapita tena. Ndiyo maana gari linaonekana limejiponya. Maji ya chini ya filta yamwagwe ndani ya chupa nyeupe: yatatulia chini, dizeli juu. Kifuniko cha tangi nacho kifunguliwe mara tu nguvu inapopungua. Kikifyonza hewa kwa sauti, tundu lake la kupumulia limeziba.

Kipimo bora kuliko vyote hakina gharama. Bomba la kuvutia mafuta litolewe tangini na kuingizwa kwenye bidoni safi lililofungwa imara, kisha gari liendeshwe. Tatizo likitoweka, tangi na mabomba yake ndivyo vya kusafishwa. Likibaki, na filta ni mpya, ndipo izungumzwe valvu inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu, au pampu yenyewe. Mpira wa turbo uliopasuka pia hupunguza nguvu, lakini huambatana na moshi mweusi na mlio wa upepo unaotoroka.

Katika injini za D-4D, mabomba yaendayo kwenye nozeli yasilegezwe kamwe injini ikiwa inanguruma. Humo shinikizo huweza kupita bar 1,000, wakati tairi hujazwa bar 2 au 3, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi. Aliyepigwa nao apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.